Nikienda Kampala Kupanda Meno, Nani Atamkanda Binti Yangu?

Bunia, Jumapili jioni. Mvua ilianza saa saba mchana, imekatika sasa hivi, na tope jekundu limefika hadi kwenye kizingiti changu.

Nina wivu. Naandika hivyo mapema, kabla sijaanza kuupamba.

Ukurasa huu nilifunguliwa na jirani yangu wa sokoni ili nitangaze vitenge. Vitenge nimevitangaza mara nne. Yaliyobaki yote ni manung'uniko yangu, na wateja wameshazoea. Mtu ninayetaka kumsema leo anaitwa Mama Rozalia, na hasomi mambo ya mtandao. Simu yake ni ya kupigia na kuwasha tochi.

Mama Rozalia ni mama yake Dido, na Dido ndiye mume wa binti yangu Aline. Aline ana mimba ya miezi sita. Ni mtoto wangu wa pekee, baba yake alitutoka zamani, kwa hiyo huyu anayekuja ni mjukuu wangu wa kwanza. Kwa Mama Rozalia ni wa tisa. Wa tisa! Mtu ana wajukuu wanane wanaomng'ang'ania sketi, na bado ananyoosha mkono kwa wangu.

Leo baada ya ibada nilipita kwa Aline, mtaa wa Nyakasanza, na ndizi zangu na samaki wa ziwa niliowafunga kwenye gazeti. Niliingia moja kwa moja jikoni kama ninavyofanya siku zote. Kwenye kona nikakuta sufuria mpya, kubwa, ya kuingia mbuzi mzima.

Nikauliza ni ya nini. Aline alikuwa anachambua sombe, yale majani ya muhogo, hakuinua hata kichwa.

"Mama Rozalia ameleta. Ni ya maji ya kunikanda."

Kwa asiyejua desturi hii, nieleze. Mwanamke akijifungua, hukandwa kwa maji ya moto asubuhi na jioni, tumbo, kiuno na mgongo, hadi siku arobaini zitimie. Anayekanda hulala chumba kimoja na mzazi na mtoto. Baba wa mtoto huhamia sebuleni na godoro lake na hakuna anayemwonea huruma. Kwetu Butembo kazi hiyo ni ya mama wa binti, na sufuria huja naye, kichwani, barabarani, watu wakiiona. Mimi nilikandwa na mama yangu. Mama yangu alikandwa na mama yake. Mama mkwe hukaribishwa vizuri, hupewa kiti, hupewa chai, humbeba mtoto kidogo, kisha huenda kwake.

Sasa sufuria imeingia kabla yangu.

Mwenyewe alikuwepo, sebuleni, ameketi wima kama kawaida yake, na kibuyu cha maziwa miguuni. Wao ni wenyeji wa Ituri tangu mababu, watu wa ng'ombe, na hakuna siku aliyokuja mikono mitupu. Ana miaka sitini na kitu na meno yote thelathini na mawili. Nimeyahesabu. Si vigumu kuyahesabu, maana anacheka kinywa wazi.

Mimi ya mbele mawili ya juu sina. Yalibaki njia ya Mambasa miaka mitatu iliyopita, nilipokuwa narudi kutoka Niania kuuza vitenge. Gari letu liliingia shimoni na kinywa changu kikakutana na chuma cha kiti cha mbele. Nilimshukuru Mungu kwa maisha, nikanunua meno ya kuvaa, yale ya kutoa usiku na kuweka kwenye glasi, nikaendelea na biashara.

Ningeendelea nayo hadi leo kama si ndoa ya Aline.

Siku ile, maharusi walipoingia ukumbini, nilipiga kigelegele cha mtu mwenye mtoto mmoja tu duniani. Meno yakaruka. Yakatua kwenye sahani ya wali ya mzee mmoja wa upande wao. Kabla sijajua niangalie wapi, Mama Rozalia alikuwa ameshayaokota kwa karatasi ya kufutia mikono, ameyasuuza kwa maji ya chupa, na kunishikisha chini ya meza. Kisha akaendelea kupiga makofi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Hakucheka hata kidogo. Angecheka ningemsamehe.

Tangu siku ile nazungumza nikiwa nimeinua ncha ya kitenge mdomoni. Sokoni wanadhani ni adabu. Miezi miwili iliyopita nilipokwenda Kampala kununua mzigo nilipita kwa daktari wa meno, mwanamke mwenye umri kama wangu, akanipiga picha ya taya. Akaniambia mfupa wangu bado unafaa kupandwa meno ya kudumu, yasiyoruka harusini. Nilitoka pale nikitembea katikati ya barabara.

Lakini kilichokuwa kigumu tangu siku ile ni siku zenyewe. Daktari anatoboa mfupa, anaingiza skrubu mbili ndogo, anashona. Wiki mbili za kwanza lazima niwe karibu, atoe nyuzi, aone hakuna usaha. Halafu mfupa unaachwa ushike skrubu: miezi mitatu, kwa umri wangu pengine minne. Ndipo yanakuja meno yenyewe, na hayo yanahitaji siku kumi nyingine. "Katikati unaweza kurudi nyumbani," akasema kwa Kiswahili chake cha Kampala, kama vile nyumbani kwangu ni mtaa wa pili.

Ndege ya Entebbe ipo, ila nikilipa ndege sitakuwa na cha kulipa kinywa. Mimi ni mtu wa barabara. Kutoka hapa hadi mpaka wa Mahagi tunakwenda kwa msafara. Magari yanapangwa foleni, askari mbele, askari nyuma, na kuna siku tunafika kizuizi cha mwisho cha mji tunaambiwa turudi tukalale. Wanasema kuna amani. Ipo, ila ni amani ya kulala na viatu miguuni. Leo barabara imefunguliwa, na mwezi ujao sijui, wala anayesema anajua hajui.

Basi nikafanya kitu ambacho hadi sasa nikikikumbuka natamani kujificha chini ya meza. Nimefanya biashara ya mpakani miaka ishirini. Kila kitu kilichowahi kunichelewesha, mzigo, karatasi, nafasi ya lori, kilikuwa na njia yake ya haraka na mtu wake wa kuonwa. Nikamwuliza daktari, kwa heshima zote, ya haraka ni kiasi gani. Akadhani sijaelewa, akaanza kueleza upya. Nikamwambia nimeelewa, naomba bei ya mfupa wa haraka.

Alivua miwani, akanitazama. "Mama, mfupa hauna mtu wa kumwona."

Kwa hiyo nimebaki na hesabu ya miezi kichwani, na hesabu hiyo ndiyo iliyonila leo mchana. Nikiondoka Alhamisi hii na msafara, nikakaa hadi mwisho, Aline atajifungua nikiwa Kampala. Nikikaa wiki mbili tu nikarudi, nitakuwepo mtoto akizaliwa, ila safari ya pili itaangukia katikati ya siku arobaini. Na barabara ikifungwa hapo katikati, nitabaki na vyuma viwili kwenye ufizi na pengo juu yake, sijui hadi lini. Nikingoja mtoto azaliwe kwanza, nitampokea hivi nilivyo, na Mama Rozalia atasimama kando yangu na meno yake thelathini na mawili.

Tulipokuwa tunakula, Dido akaniuliza safari yangu imefikia wapi. Kabla sijajibu, Mama Rozalia akaweka kijiko chini na kusema kwa ile sauti yake ya maziwa:

"Mama Aline, weye uende tu. Ukae kule mupaka ipone muzuri. Mutoto siye tutamubeba."

Siye. Siye nani?

Nilitafuna samaki kwa upande wa kushoto, polepole. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema, na mimi nilikuwepo pale pale mezani na langu likawa linagawanywa.

Nikamtazama Aline. Nilitaka aseme neno. Aseme tu, hapana, mama yangu ndiye atakayenikanda. Alikuwa anajimiminia maji.

Hapo ndipo niliposema uongo. Naungama hapa kwa sababu kanisani nimeshatoka. Nilisema daktari amebadilisha mpango, kwamba ni miezi mitano mfululizo bila kutoka Kampala, na lazima niondoke Alhamisi. Daktari hakusema hivyo. Nilitaka tu kuona uso wa mtoto wangu. Nilitaka alie kidogo. Nilitaka aseme, miezi mitano, mama, utaniacha na nani?

Aline akanywa maji yake, akaweka kikombe chini.

"Sawa, mama."

Basi.

Sikumaliza samaki. Nilisema mvua inakuja, na kweli ilikuwa inakuja, nikatoka. Mama Rozalia alinifuata hadi mlangoni na mwavuli wake. Nikamwambia nina wangu, wakati sina. Nililowa kutoka Nyakasanza hadi nyumbani kwa sababu ya kiburi, na kila hatua nilikuwa namwona yule mama anafunika sufuria, anajaribu maji kwa kiwiko, anamwinua mjukuu wangu kwenye mwanga wa dirisha. Nilimwona hata akimtafutia jina la nyumbani. Litakuwa jina la ng'ombe, najua.

Nilipofika nilivua nguo zilizolowa, nikaitoa kalenda ya kanisa ukutani na kukaa nayo mezani. Nilihesabu wiki mbele na nyuma. Nilijaribu kuondoka Alhamisi na kurudi baada ya siku kumi, nyuzi nitolewe na muuguzi wa hapa hapa. Nilijaribu kumsogeza mtoto azaliwe mapema. Nilifikia hata kujiuliza kama naweza kumpeleka Aline Kampala akajifungulie huko, mimi nikiwa na skrubu na yeye na tumbo, sisi wawili tu, mbali na watu wa maziwa. Ndiyo, niliwaza hivyo. Kumtoa mwanamke mwenye mimba kubwa kwenye barabara ile ili nisishindwe na mwanamke wa miaka sitini. Wivu ukikaa kwenye kiti cha mwenye nyumba, akili hutafutiwa mkeka nje.

Na chini ya hesabu zote lilikuwepo jambo moja tu. Binti yangu amesema sawa. Hakuuliza hata swali moja. Amempata mama mwingine, mwenye ng'ombe, mwenye meno, mwenye mwavuli, na mimi nimekuwa mtu wa kuagwa.

Saa kumi na moja na nusu simu ikalia. Ujumbe wa sauti, wa Aline. Niliuacha kwanza nikapika chai. Nilitaka na yeye asubiri.

Nimeusikiliza mara tatu, kwa hiyo nauandika kama alivyosema.

"Mama, ule muda nilisema sawa, haikuwa furaha. Ni ile barabara. Niko naogopa. Kama unaenda, ukae kule mupaka bamalize. Usiende, urudi, uende tena, urudi tena. Mara ine mu ile barabara, mama? Ukiendaka kutafuta vitenge miye silalake, sikwambiake tu. Afazali ukae kule miezi yote tano, nijue uko mu nyumba ya watu. Na ile sufuria, usikasirike. Miye ndiye nilimuomba Mama Rozalia. Tangu miezi mbili uko unaongea Kampala, Kampala, Kampala. Nilizania hautakuwepo. Nilikuwa na haya ya kukuuliza."

Chai ilipoa.

Nikamtafuta moyoni yule Aline wa mezani, aliyejimiminia maji, na nikamwona upya. Maji yalimwagika nje ya kikombe? Sijui. Sikukitazama kikombe. Nilikuwa nautazama uso wake kuona kama ananipenda, na mtu anayetazama hivyo haoni kitu kingine. Yeye alikuwa anahesabu mara ngapi mama yake atapita kwenye foleni ya magari ya askari. Mimi nilikuwa nahesabu nani atashika kitambaa cha kukandia.

Nilimpigia. Nikamwambia ukweli: hakuna miezi mitano, hakuna lazima ya Alhamisi, nilibuni mezani pale pale na samaki mdomoni. Nilisikia redio ya Dido nyuma yake.

"Mama, kumbe ulikuwa unanipima?"

Nikasema ndiyo.

"Na miye nimeanguka."

Nikamwambia hapana, mwalimu ndiye aliyeanguka. Alicheka kidogo, kisha akalia kidogo, kile kilio nilichokuwa nakitaka mchana, na kilipokuja sikukifurahia hata kidogo. Nilimwomba msamaha. Sijawahi kumwomba mtoto wangu msamaha kwa sauti, maana kwetu mzazi huomba msamaha kwa kupika kitu kitamu. Leo nimesema kwa mdomo, na mdomo wenyewe mnaujua.

Baadaye nikamwandikia daktari. Mara ya kwanza nilimwuliza bei ya kuharakisha. Leo nikamwuliza swali ambalo sikuwahi kulifikiria, maana katika biashara yangu hakuna mtu anayeuliza hivyo: nikichelewa, je? Amejibu haraka, hata Jumapili. Kama nimeshakaa na pengo miaka mitatu, miezi mitano mingine haitaharibu kitu, ila nisiifanye kuwa miaka mitano.

Basi mpango ni huu. Alhamisi siendi. Msafara utaondoka na gari lisilo na mimi. Nitakaa hapa hadi Aline ajifungue, nitamkanda siku zote arobaini, na sufuria nitakuja na yangu, kichwani, barabarani, watu waione. Nyumba itakuwa na sufuria mbili. Asubuhi nitakanda mimi, jioni akitaka akande Mama Rozalia, kwa kuwa aliombwa akakubali, na kwa kuwa hata mimi, nikijikaza, naweza kukiri kwamba mama aliyeombwa akaleta siku ile ile si mwizi. Nimejikaza. Imetosha kwa leo.

Mtoto akifikisha miezi miwili nitaondoka mara moja tu. Nitakaa Kampala kwa binamu yangu miezi minne na nusu bila kurudi-rudi, mfupa ushike kwa mwendo wake, meno yafungwe, kisha nirudi mara moja. Mara mbili barabarani, kama alivyosema Aline. Na siku ya kwanza mjukuu atakayoniona, ataniona na pengo langu. Nimefikiria sana jambo hilo na nimegundua kwamba yeye naye hatakuwa na jino hata moja. Hatuchekani.

Nilidhani baada ya uamuzi huo nitatulia. Nimekula, nimefua nguo zilizolowa, nimeirudisha kalenda ukutani. Wakati naitundika, vidole vyangu vikaanza kuhesabu tena vyenyewe. Miezi miwili na minne na nusu. Nitakaporudi mtoto atakuwa na miezi sita na nusu.

Huo ndio umri wa kuota.

Yaani nitakuwa Kampala, kinywa wazi chini ya taa ya daktari, nikipokea meno yangu mawili ya juu, na huku Bunia mjukuu wangu atakuwa anatoa yake mawili ya chini. Na mtu atakayetia kidole mdomoni mwake asubuhi moja, akasikia kitu kigumu, akaita nyumba nzima ije kuona, nani huyo? Tunamjua sote. Hana hata simu ya kunipigia picha.

Nitafanyaje? Sitabadilisha tena mpango, nimeahidi. Kesho asubuhi nafungua duka kama kawaida. Ila niseme ukweli kama nilivyoanza: nimeshaanza kuona wivu juu ya jino ambalo halijaota, la mtoto ambaye hajazaliwa.